Ukurasa wa Kumi na Saba

Maktaba yetu hapa Sunderland hufungwa saa kumi na moja,
zamu yangu ya usiku huanza saa mbili.
Katikati nina chai, mkate wa siagi,
na maiti wa kigeni.

Jumatatu aliuawa karani wa bandari, huko Aislandi.
Theluji ilimfunika hadi sura ya nne.
Mpelelezi wao hasemi. Anakunywa kahawa, anatazama ukuta
kama anayengojea ukuta uungame.
Wa Napoli haanzi kazi kabla hajala.
Wa Osaka alimwinamia muuaji,
muuaji naye akainama, nikabaki nimeduwaa
nani anamkamata nani.
Wa Buenos Aires alimjua mtu wake tangu ukurasa wa tisa;
jalada likaungua,
yeye akahamishiwa mashambani kuhesabu ng'ombe.

Kwetu tunasema za mwizi ni arobaini.
Huku nimejifunza kuzihesabu upya:
Aislandi ni kurasa mia tatu.
Ajentina, hazifiki.

Na jambo moja silizoei, nchi zote hizo:
mtu anakufa, hakuna anayetandika mkeka.
Hakuna ubani. Hakuna wa kuuliza mama yake kala nini.
Wanapima nyayo za viatu, wanakwenda zao.
Basi mimi nikifika mwisho humsomea marehemu Fatiha,
kimoyomoyo, dini yake siijui.

Lakini ile alama.
Kila kitabu cha herufi kubwa,
ukurasa wa kumi na saba, pembeni chini,
kiduara cha penseli chenye mkia, kama kiluwiluwi.
Siri ya mtungi aijuaye kata; nikaanza upelelezi wangu wa bure.
Nikamshuku mkutubi mwenye miwani ya kamba.
Nikamshuku kijana wa magazeti.
Kisha usiku mmoja, chumba nambari sita,
namgeuza Bi Maureen Thirlwell nibadilishe shuka,
penseli ikadondoka kutoka mfuko wa gauni lake la kulalia.
"Ni ili nijue nimekwisha kukisoma," akasema,
bila haya, kama aliyeungama mapema asipoteze muda wa mahakama.

Cha Osaka kina viduara vitatu.
Cha tatu kinatetemeka.

Jana alikuwa nacho tena,
miguu ndani ya soksi za sufu, macho yanang'aa,
akaninong'oneza: "Usije ukaniambia nani."

Sikumwambia.
Niliichukua penseli yake, nikaichonga.