Mate ya Kuvu

Bibi Bukuru anakwangua ivunde kwa kisu butu,
muhogo uliolala siku nne chini ya majani ya mgomba
hadi ukalegea, ukaota manyoya.
Manyoya anawatupia kuku.
Mimi nayawahi na kichupa.

"Wasomi," anasema, na haongezi neno.

Nilimweleza mara moja: natafuta kinachokata wanga.
Akashusha kisu. Akatazama nyumba ya jirani.
"Hapa Heru Juu," akanong'ona, "hilo halisemwi mchana."
Ikabidi nicheke, kisha nianze upya:
wanga wa muhogo, Bibi,
si wale wa usiku.

Kuvu haina jino, haina koo.
Tumbo lake liko nje.
Hutema kwanza, chakula kikayeyuka,
ndipo inywe, kwa nyuzi nyembamba
kuliko unywele wa kichanga.
Mate hayo ndiyo vimeng'enya.
Mate hayo ndiyo mshahara wangu, ukija.

Gungu, nyuma ya karakana ya Ntakamulenga,
nina sanduku la mbao, balbu moja, kipimajoto,
trei kumi na mbili za pumba za mpunga
na machicha ya mawese niliyoyachemsha.
Napanda. Nafunika. Naatamia.
Siku ya tatu trei zinapata joto lao wenyewe,
chumba kinanukia mvua na mkate.

Umeme ulikatika Jumanne, ukarudi Alhamisi.
Trei tisa zikageuka kijani:
kuvu nyingine, mgeni asiyebisha hodi.
Nikazimwaga shimoni. Nikalia kidogo. Nikapiga deki.

Tatu zilizobaki nikazikamua kwa kitambaa,
yakatoka maji ya rangi ya chai iliyopoa.
Tone moja juu ya sahani ya wanga ulioganda;
kesho yake nikaimwagia iodini.
Sahani yote ikawa buluu, ziwa la usiku,
isipokuwa pale, duara jeupe.
Ntakamulenga akaja na mikono yake ya grisi.
"Pametoboka."
"Pameliwa," nikasema.

Mtu wa kiwanda cha nguo alipiga simu.
Uzi huvishwa wanga usikatike mtamboni,
kisha wanga sharti uvuliwe, ama rangi haishiki.
Tindikali, alisema, haina adabu,
inakula wanga, inakula na uzi.
Kwa wiki natoa lita ngapi?
Nne.
"Elfu nne?"
Nne.
Nikasikia mitambo yake ikinguruma nyuma ya kimya chake.

Daftarini kuvu hii nimeiandika: Bukuru, namba 3.

Jumamosi nikampelekea kanga mpya, ngumu kama bati.
Tukachovya pindo katika beseni la maji vuguvugu,
nikadondosha matone, tukamenya muhogo tukisubiri.
Akalifikicha pindo kwa kidole gumba,
kidole kilichojua ulaini huo kabla yangu.

"Limeiva," akasema.
Kisha, akitazama uani:
"Na kuku wangu utawalipa nini?"