Daftari la Waliorudi

Dirisha langu lina nondo saba
na tundu la kupitishia mkono.
Hapa Kitangari, Mahakama ya Mwanzo,
mimi, Tekla Mchopa, karani,
ndiye ninayetaja bei ya kuanza kusikilizwa.

Vyombo vililetwa mwezi wa sita,
mikorosho ikipuliziwa salfa,
sote kope nyeupe kama tumetoka kusaga.
Kamera moja. Kioo ukutani.
Kinasa sauti cheusi, kidogo kuliko kiganja.
Fundi akasema huku akikaza skrubu:
hivi havikushuka na mvua, mama,
ni ada zenu za kufungulia mashauri,
shilingi juu ya shilingi, waya juu ya waya.

Tangu hapo naviita kwa majina.
Waya wa bluu ni wa Mzee Likulangwa
aliyemshitaki mwanawe kwa magunia manne.
Kitufe cha nukta ni cha Fatu Nambunga, talaka;
noti zake zilinuka uraka.
Betri ile, umeme ukikatika inashika dakika ishirini,
ni kesi ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe alishaliwa.

Sisemi ni vibaya. Nimeona.
Zamani shahidi alisema maneno mia
yakafika kumi kwenye kalamu ya hakimu,
na mchwa wakaanza jalada kwenye hukumu.
Mwaka huu shahidi wa Binti Chilemba
alikuwa Liwale, mguu umefungwa plasta;
akatokea kiooni, kitandani, akaapa,
na mikorosho kumi na tisa ikarudi kwa mwenyewe.
Nauli ingeimaliza kesi kabla ya hakimu.
Hilo nalo liandikwe.

Ila kuna Somoe.

Somoe Nantindo, wa Malatu.
Alikuja Jumatatu, mikorosho ingali maua,
majira ambayo kusini nzima mfuko ni kitambaa tu.
Shemeji yake kahamisha jiwe la mpaka.
Nikamtajia ada. Akaguna.
Nikamwambia namba ya malipo itaingia kwenye simu.
"Simu ya nani?"
Nikamwambia upo msamaha kwa asiye nacho,
alete barua ya mtendaji wa kijiji.
Akacheka, kicheko kifupi cha kufunga mlango:
"Mtendaji naye anataka ya wino."
Pindo la kanga lilikuwa na fundo.
Alilifungua, akatazama, akalifunga.
"Korosho zikiuzwa nitarudi."

Zimeuzwa. Mnada wa kwanza, wa tatu, wa tano.
Maghala yamefagiliwa.

Mashine inamkumbuka kila aliyeingia,
tarehe, saa, jina, hata kikohozi.
Aliyeishia dirishani haina pa kumweka.
Basi nikanunua daftari kwa pesa yangu,
kaunta buku, jalada jekundu,
nikaanza: Somoe, mpaka wa shamba.
Mwingine, matunzo ya watoto watatu.
Mwingine hakutaja jina, alisema tu "nimepigwa,"
akauliza bei, akasema asante.
Asante ile sijui niiandike safu gani.

Mwezi uliopita alikuja mkaguzi kutoka Mtwara.
Akafungua mfumo, akatabasamu:
"Mashauri ya ardhi yamepungua hapa kwa theluthi.
Hongereni. Watu wa Kitangari mnapatana."
Hakimu akakohoa. Kinasa kikakinasa kikohozi.
Mimi nikavuta droo mpaka nusu,
jekundu likaonekana,
nikairudisha.

Nina watoto. Nina miaka sita ya kustaafu.
Si kila aibu inahitaji shahidi.

Leo asubuhi nimeandika jina la arobaini na moja.
Nimeliandika kwa penseli,
maana mwenyewe bado hajaondoka.
Yupo nje, kwenye ngazi, viatu pembeni,
anahesabu.
Akimaliza, anaanza tena.
Na mimi mkononi nina kifutio.