Tangi Limeteka Maji

Petroli ya baba ilikuwa na risasi.
Pijo iliinywa, valvu zikatulia miaka.
Risasi ikaondolewa. Sawa, vifua vikapona,
valvu zikaanza kugonga kwenye kilima cha Kitangari.

Sasa wanatia spiriti.
"Gari lako linakunywa uraka," ananicheka Somoe Nambanga,
fundi, kabureta kiganjani,
bomba la mpira limelainika kama bibo lililoiva.
Anamimina kidogo kwenye chupa ya soda. Tunangoja.
Mafuta juu.
Chini, kidole kizima cha maji.
"Spiriti ina kiu, kaka. Inanyonya ukungu."

Maji! Newala hii,
ambako Fadina amelala foleni na madumu matatu
akarudi na moja na nusu,
tangi langu limeteka usiku kucha
bila kamba, bila kugombana na mtu.

Bomba nimebadili. La kijani, ghali.
Nimeambiwa nisilaze gari tangi likiwa nusu:
hewa ikipata nafasi, maji yanaingia.
Nijaze tangi! Na korosho hazijalipwa.

Somoe alitaka kumwaga ile chupa.
Nikamwambia ngoja.
Niliyatazama kwanza.