Dagaa Yupi

Kazi yangu ni mizani. Mwaloni Kirumba, banda la tatu
ukitoka kwenye choo cha kulipia.
Miaka kumi na tisa napima dagaa wa watu.
Naweza kulisukuma gunia kwa goti
nikakwambia: kilo thelathini na nne, na mchanga umo.
Mke wangu nilishindwa kumpima.

Ilianza, kama ilianza, mvua za vuli.
Nkwimba aliacha kugeuza dagaa kwenye chanja.
Mvua ikawakuta, wakaoza, inzi wakafanya harusi,
naye yumo ndani na kanga ile ile ya Jumatatu
anautazama mlango ulio wazi
kana kwamba umefungwa.

"Jikaze," nikamwambia.
Nilisema mara nyingi. Nilidhani ni dawa:
moja asubuhi, moja jioni.

Kabuhoro walikuwa na majibu kabla ya swali.
Jirani wa chini: amerogwa, watazameni mawifi.
Mwinjilisti: iko dhambi haijatubiwa.
Lusato, mchukuzi wangu, akacheka: shibe hiyo, bosi.
Na mimi usiku nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yangu,
natafuta kosa moja
nilikamate shati.

Ni kichanga tuliyemzika mwaka juzi,
hata jina hakupewa, tukaambiwa tusilie sana?
Ni mkopo wa kausha damu,
yule kijana wa pikipiki anayekuja Ijumaa na daftari
na adabu inayotisha kuliko matusi?
Ni mama yake, kule Nansio, ambaye naye
(hili nimelijua juzi tu)
alinyamaza miaka miwili, wakasema ni baridi ya ziwa?
Ni kukesha?
Ni mimi?

Sista Adeventina wa zahanati hakushtuka.
Alimuuliza yeye, si mimi:
Usingizi unakuja? Chakula kina ladha?
Umewahi kuona heri kusingekucha?
Nkwimba akasema, "Kila siku."
Kiti changu kikalia sakafuni.
Tunalala kitanda kimoja.

"Ni sonona," Sista akasema.
"Ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa,
ila huu hauna mbu mmoja wa kumpiga kofi."

Nikarudi mwaloni na huyo mbu asiyekuwepo.
Gunia likapandishwa, mshale ukashuka, mnyororo ukalia.
Nikachota kiganja cha dagaa,
nikamshika mmoja: ukimpuliza anaruka.
Nikamshika mwingine.
Yupi ndiye mzito?
Yupi nimtoe, gunia liinuke?
"Bosi," Lusato akasema, "wateja."

Sasa kuna vidonge, na vilimchelewesha hadi nikavitukana.
Kuna Alhamisi, anakwenda kuongea na Sista,
wanayoongea siyajui na sijauliza.
Yule wa daftari tulimfuata kwake, tukapanga upya,
Ijumaa imerudi kuwa siku kama siku.
Mtoto tumempa jina. Tunalitaja wawili tu.
Na mimi najifunza kukaa karibu yake bila kusema neno,
kazi ambayo, nakuapia, mchukuzi wa magunia haiwezi.

Asubuhi nyingine haamki.
Nyingine anaamka, anafika mlangoni, anarudi.
Nimeacha kuhesabu.

Ila jana, nimeinama nafungua viatu,
akauliza kutoka gizani:
"Dagaa wamefika bei gani?"
Nikamtajia.
Kimya. Kimya kirefu cha mtu anayepiga hesabu.
"Wanakupunja," akasema.

Nikatoka nje, nyuma ya pipa la maji,
nikalia mpaka mbwa wa jirani akaja kuangalia.
Kisha nikanawa, nikaingia, nikamwambia:
ndiyo, mama, wananipunja.
Wananipunja sana.