Kitunda Kilichokataliwa

Meza ya nne, ukumbi wa shule, Ibra.
Kipoza hewa kinakohoa. Nje, jua linakaanga bati.
Azzan bin Hilal, miaka kumi na miwili,
kaletewa mto aukalie ndipo auone ubao,
meno yamefungwa waya, kofia imemshukia nyusi.
Mimi nina arobaini na minne, na duka la dawa.

Nikasukuma kitunda cha shaha nyumba mbili.
Naye akasukuma chake.
Vikasimama pua kwa pua
kama magari mawili kichochoroni, hakuna anayerudi nyuma.

Kisha nikatoa sadaka yangu, ile ya miaka yote:
kitunda cha ubavuni mwa shaha. Chukua, baba, chakula hicho.
Ndivyo alivyonifunza kaka Muhenna
nyuma ya duka, ubao juu ya maboksi ya dripu.
Yeye alichukua. Kila Ijumaa alichukua,
nami nikammiminia farasi na tembo
mpaka amlaze shaha wake kwa kidole:
"Umenimaliza, Zuwena."
Miaka tisa.
Sikujua kwamba sadaka hukataliwa.

Mtoto hakuchukua.
Alimtoa tembo wake taratibu, akamweka uwanjani,
akaandika kwenye karatasi, akafuta pua.

Nikaona kitunda chake hakina mlinzi.
Vidole vikafika kabla ya akili,
na sheria haina huruma: ulichogusa, kicheze.

Hapo ndipo nilipouona mshazari,
mweusi, mtupu, umefagiliwa
kutoka kwa waziri wake hadi ukingoni.

Nikala. Sikuwa na budi.
Waziri akateleza.
"Shaha," akasema, kwa sauti ya kuomba maji.
Hatua mbili baadaye ngome yangu haipo.

Nilicheza hadi ya thelathini na moja, kwa adabu tu.
Akanipa mkono wenye jasho,
akatafuta Kiswahili cha kwao, akakipata:
"Pole, bibi."
Bibi!

Sasa nimo garini, injini inanguruma, sijaondoka.
Kaka yangu alisoma hati za madaktari
ambazo madaktari wenyewe hawakuzisoma.
Tembo yule alikuwa naye kila Ijumaa,
zizini, mlango wazi.
Alimtazama, nakumbuka. Alimtazama kitambo,
akakuna kidevu,
akanyoosha mkono,
akachukua kitunda.