Mbuzi Ndani ya Kioo

Riyali moja, tikiti, viatu mlangoni.
Nyumba ya Matrah, kuta zake nene:
nimetia mkono dirishani hadi kwapa
ndipo vidole vikaonja jua.

Ghorofani, kwenye sanduku la kioo,
kigoda chenye ulimi wa chuma, meno meno.
Kibandiko: *Kiti cha mtoto.
Matumizi ya chuma hayajulikani.*

Nikaropoka: "Lo, mbuzi!"
Mlinzi wa chumba akageuka.
"Wewe wa wapi?" Kiswahili cha Malindi, Unguja,
kimekunjwa vizuri, hakijaliwa na nondo.

Bi Thuwaiba. Amewaambia mara tatu.
"Wataandika upya, wanasema. Inshallah."

Akanishusha bustanini kwa ngazi ya nyuma.
Ukuta mrefu, mikomamanga miwili, mlimau;
falaji kavu, mpira wa bomba
ndio unaotiririka siku hizi.
Kaniuliza nazi kwetu bei gani.
Nikamtajia. Akaguna.

Tukakaa ukingoni mwa falaji,
na mapaja yakakumbuka yenyewe:
upande upande, magoti pamoja,
mikono ikizungusha kifuu
kisichokuwapo,
machicha yakianguka
hadi kengele ya kufunga.