Zulia la Kunsulu

Niva ya marehemu baba ina milango miwili,
mmoja haufungi mpaka uusukume kwa goti.
Zamani ilikuwa kijani; sasa ina rangi ya subira.
Madereva wa malori pale Beineu walipoiona
wakauliza, chai mkononi:
"Hicho kiatu mnakipeleka wapi?"

Kwa dada yangu. Kilomita mia mbili na themanini
za barabara iliyobaki kuwa neno tu
midomoni mwa waliowahi kuipita.

Nyuma, limekunjwa na kufungwa kamba ya singa,
zulia la mama. Baridi mbili nzima Kunsulu alilishona,
sufu ya kondoo wetu, nyekundu kwa nyeusi,
pembe za kondoo dume katika pembe zake zote nne.
La Zhupar, binti wa dada, anayeolewa Jumamosi.

Mjomba Orinbai kaketi kando yangu,
dumu la maji katikati ya magoti.
Mimi naona utupu; yeye anasoma anwani:
hapa alizaa ngamia wetu mweupe,
pale nilimpiga mdogo wangu kwa sababu ya sukari,
kile kisima, usinywe.

Ustyurt si jangwa la picha za kalenda.
Ni udongo uliopasuka kama kisigino,
saksauli kavu inayolia chuma ukiigonga,
na upepo, upepo, upepo
unaoingia kwa ule mlango wa goti.
Halafu, bila kubisha hodi, chumvi.

Juu ukoko wa mkate, chini uji.
Alama za lori zimeingia.
Hazikutoka.

"Lile lilikuwa zito," alisema mjomba. "Sisi ni kiatu."
Nikatoa upepo kwenye matairi
mpaka yakalegea kama mashavu ya bibi kizee,
nikaingiza gia nzito, nikafunga difu.
"Usiguse breki," akasema,
"na usimtaje Mungu kwa sauti ya mtu anayeaga."

Tulikwenda. Ukoko ulinong'ona chini yetu.
Nilihesabu moja mpaka arobaini, nikaanza tena,
mara ya saba sikufika kumi na mbili:
Niva ikapiga magoti.

Tulichimba kwa sepetu, kisha kwa kifuniko cha sufuria.
Tuliweka matawi; tope likayameza.
Tuliweka koti langu; likafuata matawi.
Ng'ambo ilikuwa karibu kiasi cha kuona majani yakitikisika.
Mjomba hakusema kitu. Alitazama nyuma ya gari,
kisha akatazama mbali sana,
adabu ya mtu asiyetaka kuwa wa kwanza.

Nililifungua mimi.
Nilitaka kulilaza kifudifudi, nakshi zisione.
Nikamkumbuka mama: upande wa nakshi ndio wenye mishono,
na mishono ndiyo inayoshika.
Basi nikalilaza uso juu.

Injini ililia kama mbuzi aliyeshikwa sikio.
Kitu kikateleza, kikakamata, kikateleza,
na mara tukawa juu ya mawe,
mjomba akitukimbilia kwa nyuma
na zulia mgongoni, zito kama ndama.

Usiku, mbwa kwanza, kisha tochi ya dada,
bakuli la maziwa ya ngamia, makali, baridi.
Hakuna aliyeuliza. Tulilitandaza uani:
njia mbili za tairi, kijivu,
zimekatisha pembe zote za Kunsulu.
Zhupar akainama, akanusa. "Petroli," akasema,
na sikujua kama ni kilio au kicheko kilichomshika.

Asubuhi akaja mavyaa wake na chaki.
Alipiga magoti juu ya tope lililokauka,
akafuata kila jino la tairi, polepole,
akaagiza uzi mweupe.
Karibu na ukingo akasimama.
"Hii ya kushoto imekatika. Mlizima gari?"
"Liliteleza."
Akafikiri.
Akaliacha pengo kama lilivyo.